Jua Lisiloingia Kaburini

Saa moja kasorobo asubuhi, tarehe ishirini na moja Juni, Sajini Paulina Radebe alikuwa amejikunja ndani ya kaburi akisubiri jua.

Kaburi lenyewe lilikuwa la kuiga. Lilijengwa miaka mitatu iliyopita juu ya kilima cha Observatory, ndani ya bustani ya makumbusho ya mtu binafsi, ili wanafunzi wa Johannesburg waone jinsi wakulima wa kwanza wa magharibi mwa Ufaransa walivyozika wafu wao miaka elfu sita iliyopita. Lakini baridi ya humo haikuwa ya kuiga. Uliingia kwa kuinama, kisha kwa kutambaa, mita kumi na mbili za ujia mwembamba kati ya mawe yaliyosimama, mpaka ukafika kwenye chumba cha duara ambacho paa lake lilipanda jiwe juu ya jiwe hadi likajifunga gizani. Hapo ndipo ilipopangwa mifupa ya plastiki. Na hapo ndipo, siku tano zilizopita, mama wa usafi aliponyanyua taya ili alifute vumbi akakuta jino moja limezibwa.

Watu wa zama za mawe walijua mengi, ila daktari wa meno hawakuwa naye.

"Fundi," alisema Paulina bila kugeuka, kwa kuwa nafasi ya kugeuka haikuwepo, "jua linatoka saa ngapi?"

"Saa moja kasoro dakika sita, Madame. Lakini nilikuambia tangu jana. Haitaingia."

"Nataka nione mwenyewe lisipoingia."

Fundi Pacifique alicheka kidogo. Kicheko chake kikazunguka chumba kizima, kikawarudia kutoka upande wa pili kikiwa kizito zaidi, kana kwamba kulikuwa na mtu wa tatu aliyeuelewa mzaha. Akanyamaza mara moja. Alikuwa mwashi wa Bukavu, mtu wa miaka hamsini na viganja vya kupasulia nazi, na kaburi hili alilijenga yeye pamoja na vibarua wanne. Mmoja wa vibarua hao aliitwa Gradi. Taya lile, kwa maneno ya mke wa Gradi aliyelitambua jino kwenye picha, lilikuwa la Gradi.

Faili ilimfikia Paulina kama zilivyomfikia faili zote zenye harufu ya Kiswahili. Baba yake alikuwa mkimbizi wa kisiasa kutoka Soweto, mama yake Mluguru wa Morogoro, na kituoni ilitosha Mrundi aibiwe baiskeli, faili ikaishia mezani kwake. Faili hii alikuwa ameisoma mara sita. Mwaka mmoja uliopita, siku kama ya leo, Gradi, ambaye baada ya ujenzi alibakizwa kuwa mlinzi wa asubuhi, aliandika jina lake getini saa kumi na moja na nusu. Hakuandika kutoka. Siku hiyohiyo shoka la jiwe la kijani, kitu pekee cha kale kweli katika bustani nzima, lililoazimwa kutoka Ufaransa, lilitoweka kwenye kabati la kioo. Mpelelezi wa kwanza alijumlisha moja na moja, akaandika "amekimbilia kwao," akaifunga faili na kwenda kula. Kuanzia hapo Mamie, mke wa Gradi, akawa mke wa mwizi mpaka kanisani.

Faili hiyo ilisimama juu ya maelezo ya mtu mmoja, msimamizi wa bustani, Dakta Octave Lwamba. Paulina alikuwa ameyakariri: *Kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili nilikuwa ndani ya chumba cha kaburi. Ilikuwa siku fupi kuliko zote katika mwaka. Niliona mwale wa jua ukiingia kupitia tundu lililo juu ya mlango, ukatambaa ujiani mpaka ukagusa jiwe la nyuma. Sikutoka na sikusikia kitu.*

Nje, ndege aina ya hadada walianza kupiga makelele yao ya asubuhi. Saa moja kasoro dakika sita ikafika. Ikafika saa moja kamili, ikapita. Mdomo wa ujia uligeuka kijivu, kisha mweupe, lakini weupe ule ulikwama palepale mlangoni. Ndani giza halikusogea hata kidogo. Paulina aliogopa, na hakuona haya kukiri. Pembeni mwa goti lake kulikuwa na mafuvu matano ya plastiki, na nafasi tupu ya la sita.

Saa moja na robo alipiga picha, akasoma dira kwa tochi, akaandika kwenye daftari: *Ujia unatazama kusini-mashariki. Hakuna jua.*

"Mlango unaangalia Bruma," alisema Pacifique. "Mwezi wa sita jua inatokea kule, Linksfield, upande mwingine kabisa. Hapa inaingia mwezi wa kumi na mbili tu. Tulikuwa bado tunapanga mawe ya ndani, Noeli iko karibu, asubuhi moja nikaona mwanga inakuja kama maji mpaka kwenye miguu yetu. Gradi akapiga magoti. Akasema, chef, kumbe tumejenga kanisa."

"Kwa nini Desemba? Siku fupi kwetu si Juni?"

"Kwetu, ndiyo. Kwa Wazungu siku fupi ni Desemba, ndiyo wakageuza mlango kwa lile jua. Plan ilitoka kwao. Sisi hatukugeuza kitu."

"Na Dakta Octave hakuwepo asubuhi hiyo?"

"Docteur? Huyo anafika saa mbili, kahawa mkononi. Vumbi hapendi."

Njia ya mwongo ni fupi, mama yake Paulina alizoea kusema. Hii ilikuwa na mita kumi na mbili tu. Lakini mtu kudanganya kuhusu jua si mtu kuua, na wakili yeyote wa bei ghali wa Sandton angelimaliza jambo hilo kabla ya chai. Paulina alitoa simu, akaonyesha picha aliyotumiwa na daktari wa polisi anayechunguza mifupa, Mtanzania mwenzake aitwaye Brightness.

"Tazama huu mfupa wa paja, tuliukuta humu kati ya ile ya plastiki. Unaona hivi vidoa vya kijivu? Daktari anasema ni simenti."

Pacifique alikunja uso kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Humu hakuna simenti, Madame. Hata kijiko moja. Kila jiwe imekaa kwa uzito wake, na kila jiwe inalala kidogo kwa nje, ili mvua itoke. Mvua yote ya mwaka huu, gusa ukuta. Kavu."

"Basi mfupa umeipata wapi simenti?"

Mwashi akaanza kutambaa kinyumenyume kwenda nje bila kuaga, na Paulina akamfuata.

Mamie alikuwa getini tangu alfajiri. Alikuwa amekuja na kiti chake cha plastiki kutoka saluni yake ya kusuka nywele, akakiweka kando ya njia, akakaa wima na kitenge mapajani. Hakuwa amelia tangu alipooneshwa picha ya jino. Hakuwa amelia mwaka mzima. Jana yake mchungaji alimwambia wakati umefika wa kuzika na kusamehe, naye akamjibu mbele ya waumini kwamba hawezi kuzika nusu mtu.

"Dada," alimwita Paulina. "Mumepata miguu?"

"Bado, Mama."

"Muko na kichwa, muko na mapaja na mikono. Bibi yangu wa Uvira alisema mtu akifia mbali anarudi kwao kwa miguu yake. Huyu atarudi na nini? Mimi siziki mpaka miguu ionekane. Waseme wanavyotaka."

Paulina alikuwa polisi kwa miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kumwomba kitu kidogo namna hiyo, wala kigumu namna hiyo. Alimshika bega akapita.

Hatua thelathini nyuma ya kaburi kubwa kulikuwa na kichuguu cha mawe kilichofika kiunoni. Huko Ulaya, makaburi makubwa ya ujia mara nyingi huzungukwa na madogo kama watoto wamzungukavyo mama, na mchora ramani hakutaka bustani ipungukiwe. Mlango wake ulikuwa umezibwa kwa simenti.

"Hii ni kazi yangu, na ni aibu yangu," alisema Pacifique. "Ile siku Gradi alipotea nilifika saa tatu. Docteur akanikuta getini. Akasema, Fundi, ziba ile ndogo leo, nyoka wanaingia, usipange mawe, tumia simenti iwe haraka. Nilikataa. Akakasirika. Basi nikaziba." Akaigusa simenti kwa kidole. "Sikuchungulia ndani, Madame. Niliinama hapa hapa, nikatupa simenti na mwiko, ingine ikaangukia ndani. Sikuchungulia."

Kwenye majani kando ya kichuguu palikuwa na mstari wa rangi ya chungwa. Paulina aliufuata kwa macho. Ulitoka kwenye vyoo vya wageni, ukapita katikati ya kaburi dogo, ukateremka mpaka barabarani.

"Huu mstari ni wa nini?"

"Mafundi wa bomba. Wamekuja wiki mbili zilizopita kupima. Jumatatu wanachimba, hii inavunjwa."

Mwashi alikuwa ameshasahau mstari. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu akilitazama jiwe kubwa la kifuniko, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Akalipapasa ukingo.

"Hii jiwe si mimi niliyeilaza hivi," alisema taratibu. "Yangu inalala kwa nje. Hii inalala kwa ndani. Mvua ya kwanza, maji yote yanaingia. Kuna mtu ameiinua, akairudisha, hajui kazi."

"Mtu mmoja anaweza?"

"Akiwa na mtaimbo. Na akiwa na woga."

Paulina alimpigia simu Brightness aje na chekecheo zake. Kibali cha mahakama kilikuwa mfukoni tangu jana, kwa ajili ya bustani nzima. Lakini hakuligusa jiwe. Kulikuwa na mtu aliyehitaji kuzungumza naye kwanza, na alitaka mazungumzo hayo yafanyike ndani.

Dakta Octave alifika saa mbili, kahawa mkononi. Alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi aliyeishi Ufaransa miaka ishirini, mrefu, mwenye skafu ya sufu na adabu nyingi. Hakupinga kuingia kaburini. Aliketi katikati ya chumba kama mwenye nyumba, magoti kifuani, tochi ya Paulina ikimmulika kutoka chini.

"Nifundishe, Dakta," alisema Paulina. "Walikuwa watu gani hawa?"

Octave alichangamka. Ndivyo walivyo watu wa namna yake. Ukiwauliza kazi yao husahau kwamba wewe ni polisi.

"Fikiria mamia ya watu, Sajini, hawana chuma, hawana gurudumu, wanaburuta jiwe moja siku nyingi. Kwa nini? Ndiyo kwanza wameanza kulima. Ardhi imekuwa mali, na ardhi inahitaji mababu wa kuithibitisha. Kaburi ndilo hati yao. Lakini ukihesabu mifupa unapata watu wachache sana. Na siku hizi tunapima vinasaba. Pengine baba na mwana, babu na mjukuu. Ukoo mmoja unashika mlango kwa vizazi."

"Kwa hiyo waliobeba mawe hawakuzikwa humu."

"Wengi wao, hapana. Hatujui hata waliwekwa wapi."

"Mbona mifupa yenu haina vidole wala nyayo? Mmenunua pungufu?"

Alitabasamu. "Hapana, ndivyo inavyokutwa katika baadhi ya makaburi. Maiti huenda aliwekwa pengine kwanza. Nyama ilipoisha, walio hai walirudi wakachukua fuvu na mifupa mirefu, wakaileta huku. Mifupa midogo haishikiki kirahisi gizani. Ilibaki kulekule alikolazwa mwan..."

Sauti ilikatika. Chumba kikamalizia neno kwa niaba yake, mara mbili, kwa mnong'ono.

Paulina alifungua faili, akamsomea maelezo yake ya mwaka jana, polepole, mpaka kwenye jiwe la nyuma.

"Haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Jua uliliona kwa macho yako?"

"Siku fupi kuliko zote jua huingia. Ndiyo maana ya jengo hili, Sajini. Nimewaeleza wageni jambo hili miaka yote."

"Sikuulizi wageni. Uliliona?"

"Niliona."

"Basi weka sahihi tena hapa. Andika na tarehe."

Aliweka. Paulina akaangalia saa, akazima tochi.

Giza liliwaangukia wote wawili. Ni kule tu, mbali, mwisho wa ujia, kulikokuwa na kipande cheupe cha mchana, na kipande hicho hakikuwa na haja nao. Octave alipumua kwa pua, kwa kasi. Mahali fulani nyuma yake kitu kidogo cha plastiki kilisogea, labda kwa kiatu chake, na akashtuka mpaka kichwa kikagonga ukuta.

"Leo ni siku fupi kuliko zote," ilisema sauti ya Paulina. "Nilikuwa humu saa kumi na mbili na nusu, Dakta. Jua limechomoza Linksfield, linapiga ubavu wa kaburi. Hili kaburi linangoja Desemba. Wewe ulilisoma jua kwenye vitabu vya Ufaransa, hukuwahi kuamka ulione hapa."

Akaiwasha tochi.

"Waliobeba mawe walilijua. Wewe hukulijua."

Alipomtoa nje, Brightness alikuwa ameshatandika turubai kando ya kaburi dogo na Pacifique amekamata mtaimbo. Octave aliliona jiwe la kifuniko akarudi nyuma hatua moja. Paulina alimwashiria mwashi kwa kichwa. Jiwe lilinguruma, likainuka, likaegemezwa pembeni, na harufu ya udongo uliofungiwa ikatoka, harufu ya baridi, isiyofanana na kitu kingine chochote.

Brightness alilala kifudifudi, akaingiza mikono mpaka mabegani. Kitu cha kwanza alichotoa kilikuwa kipande cha jiwe la kijani, laini kama sabuni, kilichovunjika katikati. Ukingo wake aliulinganisha na picha ya ufa ulio kisogoni mwa fuvu.

"Ndilo lenyewe," alisema. "Limempiga kwa nyuma, mara moja." Akamtazama Pacifique. "Fundi, nisikilize. Alikufa palepale. Ulipoziba hakuwa hai. Umenisikia?"

Pacifique alikaa chini kwenye majani akaficha uso.

Mengine Paulina aliweza kuyaunga mwenyewe. Gradi alimkuta msimamizi alfajiri na kabati la kioo likiwa wazi, akauliza swali, akageuka kwenda getini kuita watu. Shoka lililodumu miaka elfu sita likavunjika juu ya kichwa cha mlinzi, na baada ya hapo halikuwa na mnunuzi. Mwaka mzima mwili na shoka vilikaa pale salama, mpaka bomba la choo lilipopita kwenye ramani. Ndipo mwenye elimu akakumbuka kuwa mahali pa kuficha mifupa ni penye mifupa.

"Hukulazimika kumwacha aitwe mwizi," Paulina alimwambia akimfunga pingu.

Octave alikuwa akilitazama kaburi kubwa, si yeye. Alizungumza kwa upole, kana kwamba bado anafundisha.

"Nilimweka pamoja na waliochaguliwa. Hakuna mbeba mawe aliyewahi kupata nafasi ile. Mtu yule nilimheshimu."

Paulina alitamani kumzaba kofi mbele ya mashahidi. Hakumzaba. Alimkabidhi kwa askari wa gari, akarudi kwenye turubai.

Brightness alichekecha kwa saa mbili. Vipande vilitoka kimoja kimoja, vyeusi kwa udongo, vingine vidogo kama punje za mahindi. Hakuvipanga kama makumbusho yanavyopanga. Alivipanga kama vinavyokaa kwa mtu: kisigino hapa, kifundo hapa, vidole vikielekea mbele. Mguu wa kushoto ukatimia. Kisha wa kulia, mpaka kidole cha mwisho, ambacho Pacifique alikipata mwenyewe kwenye kona, kimegandiwa na tone la simenti yake.

Paulina aliteremka mpaka getini. Mamie aliinuka kabla hajafika, kitenge kikaanguka, hakukiokota.

"Mama," alisema Paulina, "hakuiba kitu. Shoka limepatikana, na aliyemuua tumemkamata."

Mamie alingoja. Macho yake yalikuwa yakiuliza lilelile.

"Na miguu ipo. Yote miwili."

"Na vidole?"

"Na vidole, Mama. Nimevihesabu."

Mamie aliinama akavua viatu vyake, akaviweka pamoja chini ya kiti cha plastiki. Kisha akapanda kilima miguu mitupu juu ya majani yenye baridi, na alipofika katikati ya njia yowe lililokuwa ndani yake mwaka mzima likatoka. Huko juu kaburi kubwa lililipokea kupitia mlango wake uliokuwa wazi, likalirudisha.